Unguja, Pemba au Mafia: begi mgongoni, hela kidogo, uende kipi?

Mi ni mgumu, yaani mpagazi wa mlima Kilimanjaro, kazi yangu ni kubeba mizigo ya wageni kuanzia geti la Machame mpaka kambi ya Barafu, kwa hiyo kutembea na begi mgongoni kwangu haikuwa starehe hata siku moja, ni kazi, unapimiwa kilo 20 getini unaanza kupanda. Ila mwezi wa nne na wa tano mvua inaua kazi, wageni hamna, tunashinda kijiweni hapa Moshi tunacheza drafti na kudaiana. Sasa mwaka mmoja mgeni akashuka mlimani akaniachia begi lake la lita 65, zuri kabisa ila zipu ya juu imekufa, nikaliangalia wiki nzima juu ya kabati nikasema hapana, hili begi lazima na lenyewe lione bahari. Tangu hapo nimeshaenda visiwani mara tano kwa hela yangu ya tipu, na kila nikirudi swali ni lile lile, Unguja, Pemba na Mafia, mtu mwenye hela ya mawazo aende wapi.

Nianze na kosa langu maana ndo limenifundisha. Nilikuwa nafikiri kisiwa cha bei rahisi ni kile chenye gesti rahisi. Kumbe wapi. Gesti ya Chake Chake kule Pemba na kitanda cha Paje kule Unguja zinaweza kupishana elfu kumi tu, sio tatizo, tatizo ni boti ambayo leo haipo ipo keshokutwa, hapo unakaa Tanga siku mbili unakula, unalala, unaangalia bahari bure, na hela inatoka tu. Kwa hiyo sa hivi mtu akiniuliza nina shilingi ngapi inatosha wapi, mi namuuliza una siku ngapi. Siku ndo zinaamua kisiwa, hela inafuata nyuma.

Tuanze na kufika. Unguja ni rahisi kuliko vyote: basi Moshi mpaka Dar, kilomita mia tano na sitini hivi, ukipanda asubuhi unafika jioni, ukipanda la usiku (yamerudi tangu 2023) unafika asubuhi unaunganisha boti siku hiyo hiyo. Nauli ya basi inategemea daraja, ya kawaida haijawahi kuzidi elfu 40 kwangu, yale ya viti vipana na choo ndani ni zaidi. Kuna na treni, ilirudi Moshi mwishoni mwa 2019, nauli yake ndogo, ila haitembei kila siku na inakwenda kwa starehe zake, uliza kwanza kama wiki hiyo ipo. Basi linakushusha Mbezi kwenye stendi ya Magufuli, na hapa wengi wanaliwa, maana wanatoka na begi wanakutana na watu wa teksi wanaambiwa bandarini ni mbali sana kaka. Ni mbali kweli, ila daladala zipo na mwendokasi lipo, linakupeleka mpaka Kivukoni, unatembea na begi lako dakika chache uko kwenye boti. Boti za kasi zinaondoka mara kadhaa kwa siku, masaa mawili kasoro uko Unguja. Mara ya mwisho nililipa elfu 30 na kitu kwa kwenda, na hiyo ni bei ya Mtanzania, mgeni analipa kwa dola na ni zaidi ya mara mbili. Ndo maana kitambulisho cha NIDA usikiache nyumbani, wala usikiweke chini kabisa ya begi, utakitafuta dirishani huku foleni nzima inakuangalia. Nunua tiketi dirishani kwenye ofisi, yule kijana anayekukimbilia getini na kusema zimeisha ila yeye anazo mbili, mpite.

Pemba watu wa Kaskazini tunakosea sana njia. Tunaenda Dar, tunavuka Unguja, alafu tunapanda boti nyingine ya Pemba, wakati Tanga iko hapo, Moshi Tanga ni kama kilomita mia tatu na hamsini, basi la mchana tu, na kutoka Tanga kuna boti kubwa ya kupakia mpaka magari inayokwenda Pemba. Ukijumlisha basi na boti, Tanga ni nafuu kuliko kuzunguka Dar. Lakini haiendi kila siku na ratiba inabadilika, kwa hiyo kabla hujatoka Moshi piga simu, usisikilize mtu wa stendi anayesema "ipo tu, ipo kila siku". Mi nilimsikiliza. Nikalala Tanga usiku mbili kwenye kigesti kimoja chenye feni inayopiga kelele kama mashine ya kusaga, na zile hela nilizookoa kwenye nauli zikaishia hapo. Na usije ukashawishika na majahazi ya mizigo yanayovuka kimyakimya, mkondo wa Pemba una kina cha mita karibu 800, sio pa kufanyia majaribio, na watu wa kule hawajasahau Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilipozama ikitoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imejaa kupita kiasi. Mi siogeleagi, nasema wazi.

Mafia ni mkoa wa Pwani, sio Zanzibar, wengi hawajui hilo. Ukitaka kuruka zipo ndege ndogo za kutoka Dar, nusu saa na kidogo, ila hiyo sio hela yetu. Njia yetu ni Dar, Mbagala Rangi Tatu, gari mpaka Nyamisati huko Kibiti, alafu kivuko mpaka Kilindoni, masaa kama manne baharini. Nauli za vipande vyote hivyo sio kubwa kabisa, boti yake ni rahisi kuliko ya Unguja. Shida ni kwamba saa ya kuondoka inafuata maji, sio saa yako, na mi nilifika Nyamisati nikiwa nimechelewa dakika ishirini nikaona mgongo wa chombo kinaishilia kwenye mikoko. Nikalala pale. Nyamisati ni pazuri ila sio pa kulala bila kupanga. Kwa hesabu ya kweli, kutoka Moshi mpaka ukanyage Kilindoni weka siku mbili kamili, na kurudi mbili, yaani siku nne zimeliwa na njia kabla hujalowesha hata kidole.

Sasa ndani ya visiwa. Unguja nitakaa kidogo maana ndo wengi mtaenda.

Sifa yake kubwa kwa mtu wa hela ndogo ni daladala, ambayo wageni wengi hata hawaijui wanalipa teksi dola kwa dola. Ukitoka mjini kwenda Nungwi ni 116, Jambiani ni 309, na nauli ni elfu mbili tatu hivi mahali ambapo teksi inataka elfu 80. Lakini usitegemee Kosta kama za kwetu. Zile za shamba ni gari dogo la mzigo lililotengenezewa bodi la mbao, paa liko chini, mabenchi mawili marefu pembeni mnakaa mnatazamana magoti yanagusana, upepo unapita pande zote. Begi lako haliingii ndani, kondakta analirusha juu ya paa pamoja na magunia ya mkaa, godoro la mtu na kapu la samaki, analifunga kwa kamba moja. Mara ya kwanza roho iliniuma kama mgeni anavyoumia akiona mi nimeweka begi lake la dola mia tatu kwenye matope ya geti. Dakika kumi nikasahau, mama mmoja aliyekaa mbele yangu akanipa mtoto nimpakate, bila hata kuniuliza jina, akashuka Mkwajuni akamchukua akasema "ahsante babaangu". Kondakta anagonga bodi kwa sarafu, gari linaondoka. Kilomita zaidi ya hamsini mpaka Nungwi ni masaa mawili hivi kwa sababu inasimama kila mti. Angalizo moja, jioni zinaisha mapema, saa kumi na mbili ukiwa bado unapiga picha ufukweni basi umeshanunua teksi.

Mji Mkongwe watu wanautumia vibaya. Wanashuka kwenye boti wanakimbilia ufukweni moja kwa moja, wakati mji wenyewe kuuona ni bure, ni miguu yako tu, vichochoro, milango ya kuchongwa, Darajani sokoni, Mkunazini palipokuwa na soko la watumwa ambapo kuna kanisa la Anglikana lilianza kujengwa 1873. UNESCO waliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2000. Beit el-Ajaib, lile jumba kubwa la masultani, usitegemee kuingia, upande wake uliporomoka Desemba 2020, unaangalia kwa nje. Na kula, kaka, mchana kula urojo kwa mama wa mtaani, bakuli moja la elfu mbili tatu lina bajia, viazi, kachori, mishkaki, embe na ukwaju, unashiba mpaka jioni. Forodhani, ile bustani ya pwani wanapouza vyakula, usiku ni pazuri kwa macho, ila ile meza ya kamba kochi na pweza bei yake inategemea sura yako. Ukiongea Kiswahili cha kawaida bei inashuka, ukionyesha una begi kubwa inapanda. Mi begi naliacha gesti, nakunywa juisi ya miwa kwa tangawizi na ndimu, nakula mishkaki ya kawaida, narudi kulala.

Kulala Unguja ndo kunakoumiza. Mjini utapata chumba cha kawaida, ukitafuta mitaa ya ng'ambo nje ya Mji Mkongwe ni nafuu zaidi. Paje na Jambiani kuna zile nyumba za vitanda vya juu na chini, chumba kimoja watu sita nane, elfu 30 hadi 50 kitanda, na wengi ni wageni wanaocheza na matanga ya upepo. Mi mwanzo niliona aibu, baadae nikazoea, mlimani silali kwenye hema na watu wanane? Nungwi na Kendwa ni ghali zaidi na kelele zaidi. Na usije na wazo langu la hema. Nilijifanya mjanja, nikalitandika ufukweni kaskazini kule chini ya mvinje, saa sita usiku walinzi wawili wakanimulika tochi, "kijana unafanya nini hapa", nikaeleza mi ni mpagazi wa Kilimanjaro, wakacheka sana, wakanionea huruma wakaniacha nikae kwenye kibanda chao mpaka asubuhi, ila kulala hamna.

Sasa kitu ambacho hakuna mtu alinieleza, na ndo kinachoamua ufukwe gani uende: maji. Sisi watu wa mlima tunajua bahari ni bahari, iko pale. Pwani ya mashariki, Paje, Jambiani, Matemwe, maji yakikupwa bahari inaondoka. Sio inarudi nyuma kidogo, inaondoka, unabaki na mchanga na madimbwi, unatembea nusu saa ndo ukutane na mawimbi huko kwenye mwamba. Wakati wa bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa inafika mita tatu mpaka nne, na yanakupwa kabisa saa nne saa tano asubuhi, yanajaa saa kumi jioni, na kila siku yanasogea mbele kama dakika hamsini. Kwa hiyo aliyelipia chumba cha kuangalia bahari akaamka saa nne ataangalia matope. Nungwi na Kendwa kule kaskazini maji hayaendi mbali, unaoga saa yoyote, na ndo maana bei zao ziko juu, unalipia maji kwa kweli.

Lakini mi napenda hiyo bahari iliyoondoka. Asubuhi moja pale Jambiani nilifuata wamama wa mwani, wanatembea na magunia na kamba, wameinama kwenye mistari ya vijiti vilivyochomekwa mchangani, wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba kimoja kimoja, maji ya vifundoni, jua kali. Nikauliza kama naweza kusaidia kubeba, mmoja akanipandisha gunia lililolowa kichwani, mi kilo 20 nazijua lakini lile gunia lilikuwa linavuja maji ya chumvi mpaka kwenye macho, nikafika nalo ufukweni shingo imekaza. Mama akasema "mlimani kwenu mwabeba vikavu ee". Nikanyamaza. Hiyo siku sikulipa chochote na ndo naikumbuka kuliko boti ya kwenda kisiwa cha Changuu kuwaona wale kobe, ingawa kobe nao waone, mbegu yao ililetwa kutoka Shelisheli 1919 na wengine ni wakubwa kuliko meza ya kijiwe chetu.

Pemba sasa. Ukitoka Unguja ukafika Pemba unaona umeingia nchi nyingine (na ndio, ukimuuliza Mzanzibari atakuambia Zanzibar yenyewe ni nchi, usibishane naye kwenye daladala). Unguja ni tambarare, Pemba ni vilima na mabonde, kijani mpaka mwisho wa macho, Waarabu waliiita kisiwa cha kijani. Mtu wa Marangu atajisikia nyumbani, migomba, udongo mwekundu, vinjia vya kuzunguka vilima, tofauti ni kwamba badala ya kahawa ni mikarafuu. Mwaka mmoja nilienda mwezi wa kumi na moja, karafuu zimeanikwa kwenye majamvi pembeni ya barabara, ile harufu inaingia mpaka kwenye nguo, nilirudi Moshi begi linanukia wiki mbili. Jioni kwenye baraza familia nzima imekaa inachambua, karafuu huku, makonyo (vile vijiti vyake) huku, watoto wanachambua bila hata kuangalia mikono. Makonyo hayatupwi, yanapelekwa Wawi kiwandani yanakamuliwa mafuta. Na usinunue karafuu za kificho ukatie kwenye begi, zao lile linauzwa kwa shirika la serikali na kuvusha ni magendo, nunua pakiti ya dukani yenye risiti basi.

Hamna mtu wa kukukimbilia Pemba. Hicho ndo kizuri na ndo kibaya. Hamna kijana wa ufukweni wa kukuuzia bangili, lakini pia hamna mtu wa kukuambia gari la kwenda msitu wa Ngezi linapita saa ngapi. Unaulizia. Nilimsimamisha mzee mmoja pale Chake.
"Shikamoo mzee."
"Marahaba mwanangu, watoka wapi?"
"Moshi."
"Moshi ya mlima wa barafu? Na hiyo barafu mwailaje?"
Ikabidi nieleze kwamba hatuili, tunawapandisha watu wakaiangalie na kushuka. Akafikiri. "Wanalipa?" Nikamwambia tena dola nyingi. Akatikisa kichwa, akanishika mkono mpaka kwenye gari lenyewe, akamwambia dereva ashushe mgeni Kidike. Pale Kidike ndo kuna popo wa Pemba, wakubwa, mabawa yakifunguka ni mapana kuliko mwavuli, na hawapatikani popote duniani zaidi ya Pemba. Kiingilio cha mwenyeji ni kidogo.

Ufukwe mzuri kule ni Vumawimbi, kaskazini baada ya msitu wa Ngezi, mchanga mweupe mtupu, nilikaa masaa matatu sijaona mtu zaidi ya mvuvi na ng'ombe wawili. Ila daladala inaishia Konde, mbele ni bodaboda au miguu, patana na kurudi kabisa kabla hujapanda. Kisiwa cha Misali ni cha kwenda kwa boti, wanasema Nabii Hidhr alifika pale akaomba msala wa kuswalia, akaambiwa haupo, akasema basi kisiwa chenyewe kitakuwa msala wangu, ndo jina likatoka hapo. Samaki na matumbawe ya pale hata mtu asiyeogelea anayaona akiwa ameshika ubavu wa boti, mi ndo nilifanya hivyo. Boti ukienda peke yako inauma, tafuteni watu wanne watano. Hilo gumu Pemba kwa sababu wageni ni wachache.

Chakula Pemba ni rahisi kuliko Unguja, wali wa nazi na samaki, chapati, supu ya pweza asubuhi, na halua usiondoke bila kununua. Gesti chache, nyingi ziko Chake na Wete, safi, za kifamilia, elfu 30 mpaka 50 na chai ya asubuhi ndani. Bia karibu hamna, mtu wa mbege ajiandae, na Ramadhani mchana hupati pa kula hadharani na wala usile barabarani, ni adabu tu. Vaa suruali ndefu mjini. Wadada walioenda nami mwaka jana walitembea na khanga begini na hawakusumbuliwa hata mara moja.

Mafia nitaenda haraka kidogo maana kwa kweli ina sababu moja kubwa, na hiyo sababu ina msimu. Potwe. Yule papa mkubwa mwenye madoa meupe, asiyeuma, anakula vitu vidogo vidogo vya majini. Anasogea karibu na Kilindoni kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa pili wa tatu hivi. Mi mara ya kwanza nilienda mwezi wa nne kwa sababu ndo likizo ya mlima, nikakuta mvua, hoteli kibao zimefungwa, potwe hakuna, nikatembea Kilindoni juu chini kama mtu aliyefiwa. Mara ya pili nikaenda Novemba katikati ya kazi, nikaacha safari moja ya mlima. Tulikuwa saba kwenye boti tukachangia, ila hata hivyo hiyo asubuhi moja ilikula hela ya kulala siku tatu. Nikavaa laifu jaketi, nikashuka nimeng'ang'ania kamba, nikaweka miwani ya maji, kwanza naona kijani tu, alafu kile kijani kikaanza kuwa na madoa. Anapita tu. Mita sita saba, mdomo wazi, anakupita kama Kosta linalopita kituo bila kusimama. Sheria ni usimguse na usimkaribie, mi nilikuwa sina haja ya kukumbushwa.

Zaidi ya hapo Mafia ni hifadhi ya bahari, ya kwanza Tanzania, tangu 1995, na ukienda Utende unapita geti unalipa kiingilio kwa siku, mwananchi ni kidogo, mgeni ni dola. Kisiwa kidogo cha Chole unavuka kwa mtumbwi, magofu na popo na mafundi majahazi. Kisiwa cha Juani kuna magofu ya Kua, mji uliovamiwa na Wasakalava wa Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19 ukaachwa mpaka leo. Kama unapenda kuzamia na mitungi utanishangaa nimeandika aya mbili tu, ila mtu wa kuzamia hana hela kidogo. Benki ziko Kilindoni tu, toa hela mapema, hela ya simu inafanya kazi vizuri.

Sasa hali ya hewa, maana sisi wa mlimani tunapata likizo masika. Unguja mwezi wa nne bei za vitanda zinashuka sana, nimewahi kulala Paje kwa nusu bei, na mvua yenyewe sio ya siku nzima, inapiga asubuhi jua linatoka. Daladala zinatembea, mji upo, urojo upo. Pemba masika ni tope na boti zinaweza kuahirishwa bahari ikichafuka. Mafia masika usiende kabisa. Kwa wenye kazi za ofisini mnaopata likizo Juni mpaka Agosti, kusi inavuma, hewa nzuri haina joto, Unguja mashariki upepo mwingi na bei ziko juu, Pemba iko vile vile maana haina watalii wa kupandisha bei.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Soweto hapa Moshi uliyeniuliza juzi una siku sita na laki nne: Unguja, usihangaike. Basi na boti kwenda na kurudi ni kama laki na nusu, siku mbili mjini, siku mbili Jambiani, unakula kwa akina mama, unarudi na chenji ya kununulia nyumbani viungo. Ukiongeza siku nne usiongeze Nungwi, fanya mzunguko: shuka Tanga, vuka Pemba, kaa siku tatu nne, alafu panda boti ya Pemba kwenda Unguja, alafu urudi kwa Dar. Hiyo ndo safari nzuri kuliko zote nilizofanya, ila anzia upande wa Tanga, kwa sababu ukianzia Unguja utanogewa na Pemba hutafika, nimeona kwa watu watatu. Mafia iache mpaka Novemba uwe na siku kumi na mtu wa kuchangia naye boti. Na yule mteja wangu Mjerumani aliyeuliza swali hilo hilo, mwambie kwake hesabu ni nyingine, Zanzibar tangu Oktoba 2024 mgeni analipa bima ya dola 44 akiingia, alafu nauli zake ni za dola, sisi hiyo haituhusu.

Begi lipo, njoo ulichukue jioni nikiwa nimetoka kijiweni. Ile zipu ya juu ifunge kwa kamba ya viatu, na usiweke vitu vya thamani mfuko wa juu maana ndo upande anaoshika kondakta akilirusha kwenye paa.